Kijarida cha programu huria: nani anakagua kabla hakijatumwa?

Wadau, miradi mingi mikubwa ya programu huria ina kijarida chake, na vingi vinaandikwa na watu wasiolipwa hata senti. Debian walianza na Debian Weekly News mwaka 1999, ikianzishwa na Joey Hess, na mwaka 2008 ikaja Debian Project News. Ubuntu Weekly Newsletter ipo tangu 2006. Watu wa lugha ya Rust wana This Week in Rust tangu 2013. Hakuna chumba cha habari wala mwanasheria, mara nyingine ni mtu mmoja tu na kompyuta yake usiku, baada ya kazi inayomlipa. Ndiyo maana wengi hudhani maadili ya uhariri ni mambo ya magazeti makubwa.

Haya, turudi Machi 29, 2024. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Andres Freund, mtaalamu wa PostgreSQL aliyeajiriwa Microsoft, alikuwa ameshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Akachimba, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili. Akaandika yote kwenye orodha ya barua pepe ya oss-security.

Sasa wewe ndiye mhariri, na kijarida kinatoka Jumatatu. Kichwa cha habari cha haraka kingekuwa "Debian imevamiwa". Si kweli. Toleo thabiti la Debian halikuguswa. Yaliyoguswa ni yale ya majaribio. Kwa mtu anayesimamia seva za chuo au hospitali, tofauti hiyo ni kati ya kulala na kukesha.

La pili ni zito zaidi. GitHub walifunga akaunti ya "Jia Tan", aliyeingiza ule uovu, na wakafunga pia ya Lasse Collin, mtunzaji wa xz wa miaka mingi kwa kujitolea. Msomaji wa haraka angesema hao lao moja. Kumbe Collin ndiye aliyetapeliwa, baada ya kushinikizwa kwa barua mwaka 2022 akubali msaidizi kwa kuwa kazi inachelewa. Kijarida ambacho kingeyaweka majina mawili kwenye sentensi moja bila maelezo kingemchafua mtu asiye na kosa, mbele ya watu anaofanya nao kazi kila siku. Na wale waliokuwa wanakisia nchi ya "Jia Tan" kutokana na jina na saa za kazi? Jina la mtandaoni si kitambulisho. Uvumi wa namna hiyo hauandikwi, hata ukiongezewa "inasemekana".

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: nenda kwenye chanzo chenyewe, ukisome mpaka mwisho, na uweke kiungo chake. Usifanye muhtasari wa muhtasari. Habari ya usalama lazima iseme ni matoleo gani, nani ameathirika, na afanye nini. Ukinong'onezwa kasoro ambayo bado haina kiraka, peleka kwa timu ya usalama ya mradi husika, usiichapishe. Usiri huo nao haudumu milele. Orodha ya linux-distros, wanakopeana taarifa za namna hiyo, ina kikomo cha siku 14.

Halafu kuna neno lenyewe. Kiswahili kimetupa bahati hapa, maana tuna "huria" na tuna "bure", vitu viwili tofauti kabisa. Programu inaweza kuwa ya bure na isiwe huria. Agosti 2023 HashiCorp waliitoa Terraform kwenye leseni ya MPL 2.0 wakaiweka kwenye BSL 1.1. Msimbo bado unaonekana, unaweza kuusoma, lakini leseni inazuia matumizi fulani ya kibiashara, hivyo haikidhi fasili ya Open Source Initiative. Waliokataa wakaanzisha OpenTofu. Mhariri asome leseni, asitegemee tangazo la kampuni.

Nukuu nazo. Barua iliyoko kwenye orodha yenye kumbukumbu za wazi inanukulika, ila maneno ya chumba cha soga omba ruhusa kwanza. Na kama unaandika kuhusu mradi unaoufanyia kazi, au unaokulipa mshahara, sema hapo hapo kwenye habari.

Masahihisho: barua pepe ikishatoka haivutwi nyuma bwana. Kusahihisha kimyakimya nakala ya kwenye tovuti hakumsaidii aliyeisoma kwenye sanduku lake. Weka sahihisho juu ya toleo linalofuata, utaje kosa lilikuwa nini. Kosa la usalama halisubiri wiki, tuma barua nyingine siku hiyo hiyo.

Kuhusu nani akague, This Week in Rust wanaandaa rasimu hadharani kwenye GitHub, na yeyote anaweza kupendekeza badiliko kabla ya kutoka. Ni njia nzuri kwa timu isiyo na pesa, na kila badiliko linabaki na jina na tarehe. Isipokuwa zile habari za usalama zilizo bado chini ya usiri. Hizo zisomwe na mtu wa pili faraghani, na kama hajapatikana, zisubiri toleo lijalo.