Chama cha wasafirishaji wasio na ndege

Julai 2025 Marekani iliwaruhusu abiria kupita kwenye ukaguzi wa viwanja vya ndege bila kuvua viatu. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kwa siku moja. Wiki chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, ilitimia miaka 15 tangu nchi hiyo ianze kukagua kila boksi linalopakiwa kwenye tumbo la ndege ya abiria, na siku hiyo ilipita kimya. Viatu vya abiria kila mtu anavijua. Boksi lililolala chini ya kiti chake, hatua mbili kutoka alipoweka miguu, wachache hujiuliza limefikaje pale, nani alilifunga na nani alilikagua.

Aliyelifikisha pale, mara nyingi, ni mtu asiye na ndege hata moja. Ni wakala wa mizigo ya anga. Marekani mawakala hao wana chama chao, Airforwarders Association, kilichoanzishwa mwaka 1990, ambacho kwa hiyo nacho kilitimiza miaka 35 mwaka huo huo wa 2025. Historia yake si maarufu hata huko kwao, na naiandika hapa kwa sababu sehemu yake moja imegusa ua linalochumwa Naivasha, Kenya, na wauza maua wengi hawajui.

Tuanze na kazi yenyewe. Wakala hununua nafasi ya mzigo kwa shirika la ndege kwa jumla, kisha huiuza kwa rejareja. Ndani ya ndege nafasi ni mali kama uzito ulivyo mali, ndiyo maana mzigo mwepesi wenye umbo kubwa hutozwa kana kwamba ni mzito: mita moja ya ujazo huhesabiwa kuwa kilo 167 hata kama ndani yake kuna mito ya sufi. Wakala anayeijua kazi yake huchanganya. Anachukua vipuri vya chuma vya mteja mmoja na nguo za mteja mwingine, anavipanga pamoja kwenye paleti moja, kizito kinafidia chepesi, na tofauti ya bei ndiyo riziki yake. Anafunga nyavu, anaandika hati ya mzigo, anapeleka uwanjani kabla muda wa kupokea haujafungwa. Mwenye duka mdogo anapata bei ambayo peke yake asingeipata.

Mashirika ya ndege hayakumpenda mtu huyu tangu mwanzo. Mwaka 1946 John Emery, aliyetoka katika jeshi la majini baada ya Vita Kuu ya Pili, alifungua kampuni ya Emery Air Freight bila kuwa na ndege. Mashirika makubwa yalimwona yeye na wenzake kama madalali waliojiingiza kati yao na wateja wao. Mwaka 1948 bodi ya serikali iliyosimamia usafiri wa anga wakati huo iliamua kwamba mawakala wanastahili kutambuliwa kisheria kama wasafirishaji, ingawa ndege si zao. Mashirika yalikwenda mahakamani kuupinga uamuzi huo, yakashindwa. Mpaka leo sheria ya Marekani humwita wakala msafirishaji wa anga asiye wa moja kwa moja, na jina hilo ndilo lililokuja kumbebesha mzigo mkubwa zaidi ya miaka 50 baadaye.

Hatua zilizofuata zinajulikana. Mwaka 1973 kampuni ya FedEx ilianza kuruka usiku kutoka Memphis ikiwa na ndege 14. Novemba 1977 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoondoa udhibiti wa bei na njia za mizigo ya anga. Biashara ikafunguka, kampuni ndogo zikachipua kila mji wenye uwanja. Desemba 1988 ndege ya abiria ya shirika la Pan Am la Marekani ililipuliwa juu ya mji wa Lockerbie, Uskoti, watu 270 wakafa, na mwaka uliofuata serikali ikaunda kamati ya ushauri ya usalama wa anga. Katika hali hiyo ndipo chama kikazaliwa, 1990: sheria za usalama zilikuwa zinaanza kuandikwa, na mawakala wadogo hawakuwa na mtu wa kukaa mezani zinapoandikwa.

Kisha yakaja mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Serikali ikaunda mamlaka mpya ya usalama wa usafiri, TSA, na ndege za abiria zikakatazwa kubeba mzigo wa mtu asiyejulikana. Mteja mpya alipaswa kuchunguzwa kwanza ndipo aingizwe kwenye orodha ya watumaji wanaojulikana. Abiria alikaguliwa mpaka soli ya kiatu. Boksi lilipita kwa kujulikana mwenyewe tu.

Tofauti hiyo ilionekana wazi Septemba 2003, kwa kisa ambacho kingekuwa kichekesho kama kisingekuwa cha kutisha. Kijana wa miaka 25, karani wa ghala New York, alikuwa na hamu ya kuwaona wazazi wake Texas. Akajifungia kwenye kasha la mbao. Hati ya mzigo ilisema ndani kuna kompyuta na nguo. Kasha likachukuliwa, likapakiwa kwenye ndege ya mizigo, likabadilishwa ndege njiani, likashushwa Dallas, likawekwa kwenye gari la kusambaza mizigo. Dereva alipokuwa akilishusha mlangoni kwa wazazi wa kijana, aliona macho ya mtu ndani yake. Alidhani ni maiti. Kijana akavunja kasha, akatoka, akasalimia. Polisi wakamkamata.

Ndege ile haikuwa ya abiria, lakini hilo halikuwatuliza wengi. Kama mtu mzima mwenye mapafu yanayohema anaweza kusafiri nusu ya nchi kama kompyuta, bomu je? Mbunge Edward Markey wa Massachusetts, jimbo ambalo kutoka uwanja wake wa Boston ziliruka ndege mbili zilizogonga majengo pacha ya New York, alikuwa ameshaanza kulivalia njuga jambo hili. Alitaka mzigo wote wa ndege za abiria ukaguliwe, asilimia 100, kama mabegi ya abiria.

Hapo ndipo ugomvi ulipokolea, na nimeyafuata maelezo ya vikao vya kamati za Bunge na ripoti za wakaguzi wa serikali wa miaka ile, kwa kuwa humo chama kinaonekana kikifanya kazi yake waziwazi. Mkurugenzi mtendaji wake, Brandon Fried, aliitwa mbele ya wabunge mara kadhaa. Hoja ya chama ilikuwa kwamba ukaguzi ufuate hatari: chunguza kwa makini mtumaji usiyemjua, mzigo wenye maelezo yasiyoeleweka, njia yenye mashaka, badala ya kumpanga kila mtu kwenye foleni moja. Waliompinga walisema hayo ni maneno ya wafanyabiashara wanaoogopa gharama. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli, na sioni aibu kusema hivyo. Kijana wa kwenye kasha, kwa mfano, alitumwa kupitia akaunti ya kampuni halali, kwa hiyo kumjua mtumaji peke yake hakukutosha.

Chama kilishindwa. Agosti 3, 2007 Rais George W. Bush alitia saini sheria. Nusu ya mzigo wa ndege za abiria ikaguliwe ndani ya miezi 18, wote ndani ya miaka 3. Sheria haikutenga fedha za kuwanunulia mawakala mashine.

Msomaji ambaye hajawahi kusimama kwenye ghala la mizigo anaweza kuuliza ugumu uko wapi. Uko kwenye paleti. Ndege kubwa hazipakiwi boksi moja moja. Zinapokea paleti zilizokwisha kupangwa, pengine na wakala mwenyewe mjini, zimerundikwa maboksi mpaka urefu unaompita mtu, zimezungushiwa plastiki na kukazwa nyavu. Hakukuwa na mashine hata moja iliyoidhinishwa kuona ndani ya rundo zima la namna hiyo. Sheria ikasema kila kipande kikaguliwe. Kwa hiyo paleti ifike uwanjani, ikatwe nyavu, ichanwe plastiki, kila boksi lipite kwenye eksirei, kisha lirudishwe na kufungwa upya, huku ndege inasubiri na samaki wabichi wanayeyusha barafu yao sakafuni. Mashirika ya ndege hayakuwa na nafasi wala watu wa kuifanya kazi hiyo usiku kucha.

Suluhisho lililopatikana ndilo ninaloliona kuwa kazi kubwa kuliko zote ambazo chama hiki kimewahi kuzisukuma. TSA, kwa kutazama mfumo uliokuwepo tayari Uingereza na Ireland, ilianzisha mpango wa kuidhinisha maghala ya watu binafsi. Wakala, au hata kiwanda, angekagua mzigo mwenyewe kabla haujapangwa kwenye paleti, angepiga sili inayoonyesha kama imeguswa, na angeweka kumbukumbu ya kila mkono uliopokea mzigo mpaka mlango wa ndege. Wafanyakazi wake wachunguzwe na serikali, ghala likaguliwe kwa kushtukiza. Chama kilichokuwa kimeipinga sheria kikageuka kuwa mwalimu wake. Kilizunguka kuwaeleza wanachama kwamba tarehe ya mwisho, Agosti 2010, haitaahirishwa, kwamba asiyejisajili atakuta paleti yake ikichanwa na mtu mwingine uwanjani kwa gharama yake.

Walioumia ni wadogo, na hili lisipite juu juu. Mashine kubwa ya eksirei bei yake ni ya kumtoa jasho mwenye ghala la chumba kimoja. Fedha za majaribio ambazo serikali ilitoa zilielekezwa kwa waliosafirisha mizigo mingi. Mwenye mizigo michache alibaki kuchagua: anunue mashine kwa mkopo, alipe ghala la jirani limkagulie, au aache biashara. Ndani ya chama kimoja mlikuwa na mkubwa aliyepata msaada na mdogo aliyekosa, na wote walilipa ada.

Agosti 2010 ilipofika, mizigo haikurundikana. Mdororo wa uchumi ulikuwa umepunguza shehena, jambo lililosaidia. Lakini zaidi ya hapo, maghala mengi yaliyosajiliwa yalikuwa tayari.

Miezi isiyofika mitatu baadaye, mwishoni mwa Oktoba 2010, mashine mbili za kuchapa zilitumwa kutoka Sana'a, Yemen, kwenda Chicago, zikiwa na vilipuzi vilivyofichwa kwenye katriji za wino. Moja ilikamatwa Dubai baada ya kusafirishwa pia kwa ndege za abiria. Nyingine ilifika East Midlands, Uingereza, ambako wakaguzi waliipekua mara ya kwanza wasione kitu. Zilizookoa watu ni taarifa za ujasusi kutoka Saudi Arabia, zilizokuwa na hata namba za mizigo. Waliosema hatari ya mizigo ni ya kweli walikuwa na ushahidi. Waliosema taarifa ni muhimu kuliko mashine walikuwa nao pia. Kutokana na kisa hicho Marekani ilianzisha utaratibu wa kupokea taarifa za mzigo kabla haujapakiwa nchi za nje: jina la mtumaji, la mpokeaji, maelezo, idadi, uzito. Ulianza kwa hiari, na chama kilishiriki kuusukuma. Mwaka 2018 ukawa lazima.

Ulaya nayo ikaamka, na hapo ndipo Naivasha inapoingia. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni kwamba shirika lolote linaloleta mizigo kutoka nje lithibitishwe, na kuanzia Julai 2014 uthibitisho huo ukawa wa kukaguliwa papo hapo, kwenye viwanja na maghala ya nchi unakotoka mzigo. Ua la waridi linalofungwa alasiri Naivasha ili liuzwe Uholanzi, au minofu ya samaki wa Ziwa Victoria, hupita kwenye mlolongo wa ghala lililothibitishwa, sili na kumbukumbu, mlolongo ule ule ulioumiza vichwa vya mawakala wa Marekani. Wakulima wetu walizikuta kanuni zimekwisha kuandikwa.

Miaka ya karibuni chama kimepigania mbwa wa kunusa milipuko wanaomilikiwa na kampuni binafsi waruhusiwe kukagua mizigo, kwani mbwa huweza kuinusa paleti nzima bila kuichana. Sheria ya 2018 ilifungua njia hiyo, na katikati ya 2021 takwa la kukagua mizigo yote ya kimataifa lilipofika hata kwa ndege zisizobeba abiria, mbwa walikuwa wameshaingia kazini. Sasa malalamiko yake makubwa ni malori yanayosubiri saa nyingi nje ya maghala ya viwanja vilivyojengwa wakati mzigo ulikuwa mdogo.

Sisi tunavyo vyama vyetu: TAFFA Tanzania, KIFWA Kenya, na FEAFFA inayoviunganisha vya Afrika Mashariki. Mawakala wengi ninaokutana nao huvijua siku ya kutafuta leseni au siku mfumo wa forodha unapokwama. Rasimu ya kanuni ikitolewa, iwe ya Dar es Salaam, Nairobi au Brussels, huwa kuna muda wa kutoa maoni, na muda huo una tarehe ya kufungwa. Wewe mwenye ghala dogo pale Kipawa au Embakasi, muulize kiongozi wa chama chako ni rasimu gani iko wazi sasa, uisome, na uandike ni wapi itakuumiza kabla tarehe haijapita.