Kengele, Herufi na Mkono: Historia Fupi ya Vitufe vya Sauti katika Programu za Kompyuta

Kabla kompyuta haijajua kucheza muziki, mitambo iliyoitangulia ilijua kupiga kengele. Mwaka 1963, Wamarekani walipopitisha ASCII, yaani mpangilio wa namba zinazowakilisha herufi katika mitambo ya mawasiliano, namba 7 haikupewa herufi bali amri: mashine ya upande wa pili na ilie. Kengele hiyo ilikuwa kengele kweli, imefungwa ndani ya teleprinta, na kazi yake ilikuwa kumwita mhudumu aje asome ujumbe. Aliyetaka kuipiga alibonyeza kitufe cha Control pamoja na G. G haikuchaguliwa kwa ajili ya neno lolote. Ni herufi ya saba ya alfabeti ya Kiingereza, basi. Hivyo mmojawapo wa mikato ya kale kabisa ya vitufe vinavyohusu sauti ulitokana na hesabu tupu.

Waandishi wa programu waliokuja baadaye waliiacha hesabu, wakashika kanuni mbili: kanuni ya jina na kanuni ya mahali. Kwa kanuni ya jina, kitufe huwa ni herufi ya kwanza ya neno linalotaja kazi yake. M hunyamazisha sauti katika programu ya VLC na katika YouTube kwa kuwa Waingereza husema mute. Kwa kanuni ya mahali, herufi haina maana yoyote. Kinachotazamwa ni mahali vidole vinapotua. Winamp, programu ya muziki iliyotokea mwaka 1997, ilitumia Z, X, C, V na B, vitufe vitano vilivyofuatana kwenye safu ya chini, kwa kurudi wimbo wa nyuma, kucheza, kusitisha, kusimamisha na kwenda wimbo wa mbele. Wahariri wa filamu nao walizoea J, K na L: J hurudisha nyuma, L hupeleka mbele, na K iliyo katikati husimamisha. YouTube imeurithi utaratibu huo. Mswahili aweza kudhani kwamba K hiyo ni ya kusimama. Ni sadfa njema tu.

Kila kanuni ina mipaka yake. Safu ya Winamp ni safu moja kwenye kibodi ya Kiingereza na zile zenye mpangilio kama wake tu. Kwenye kibodi ya Kifaransa Z imepanda juu na W imeshika nafasi yake. Kwenye ile ya Kijerumani Z imebadilishana mahali na Y. Kanuni ya jina nayo huvunjika mara lugha inapobadilika. Katika Word ya Kiingereza herufi nzito huletwa na Control pamoja na B, lakini katika ile ya Kifaransa ni G, na katika ile ya Kihispania ni N, kwa kufuata maneno ya lugha hizo.

Je, Kiswahili nacho kifuate njia hiyo ya tatu? Hapa ndipo suala linapogusa isimu. Kanuni ya jina imejengwa juu ya dhana isiyosemwa wazi, kwamba neno huanza na kiini chake. Kiingereza kwa kiasi kikubwa kiko hivyo. Lugha za Kibantu haziko hivyo. Kunyamazisha, kupandisha, kushusha, kucheza, kusitisha: yote huanza na K, na kwa kanuni hiyo kitufe kimoja kingebeba kibodi nzima. Watungaji wa kamusi walikwisha kukutana na tatizo hili, wakaamua kuorodhesha vitenzi kwa mashina. Lakini shina nalo halimalizi kazi. Shusha na sitisha zote zinataka S. Pandisha na punguza, ambazo ni kinyume kabisa, zote zinataka P. Mtu akikosea hapo, atapandisha sauti alipotaka kuipunguza. Jambo OpenOffice ilipotolewa mwaka 2004, programu ya ofisi ikapata kusema Kiswahili. Lakini kutafsiri neno la kwenye menyu ni kazi moja, na kuligawia kitufe ni kazi nyingine, ambayo istilahi peke yake haiwezi kuitatua. Kwa kupandisha na kushusha sauti, mshale wa juu na mshale wa chini vinatosha, wala havihitaji mfasiri.

Hayo yote yangeweza kuonekana mambo madogo, kama si kwa wale ambao sauti ndiyo macho yao. Asiyeona hutumia kompyuta kwa programu inayomsomea skrini: JAWS, iliyoanza mwaka 1989, au NVDA, iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006. Sauti ya muziki na sauti ya msomaji huyo wa kielektroniki hupita katika spika zilezile. Kitufe kinachonyamazisha kompyuta nzima humnyamazisha na msomaji, na baada ya hapo hakuna wa kumwambia mtu kilichotokea. Windows Vista ya mwaka 2007 ilipunguza adha hii kwa kuipa kila programu kiwango chake cha sauti. Mwaka 2008, mwongozo wa kimataifa wa kurasa za mtandao, WCAG 2.0, ulidai kwamba sauti inayojianzisha yenyewe na kudumu zaidi ya sekunde 3 iwe na njia ya kusitishwa, au kiwango chake kiweze kudhibitiwa peke yake.

Bado kuna mgongano wa herufi. Katika kusoma ukurasa, NVDA huitumia M kurukia fremu, K kurukia kiungo, na hata N, ambayo Mswahili angeitaka kwa nyamazisha, imekwisha kuchukuliwa. Mwenye kuiamuru kompyuta kwa usemi yuko hatarini zaidi, kwani neno moja lililosikika vibaya laweza kugeuka mfululizo wa amri. Kwa sababu hiyo toleo la 2.1 la mwongozo huo, la mwaka 2018, lilitaka mkato wa herufi moja uweze kuzimwa au kubadilishwa.

NVDA na JAWS zenyewe, kwa kukatiza usemaji wao, hazikuchagua herufi yoyote. Hutumia Control peke yake, kitufe kilicho karibu na pembe ya chini ya kibodi, ambacho kidole hukipata bila jicho, iwe msomaji anasema Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili.