Jina la Zamani la Kwetu

Mwaka 1986, nikiwa mwanafunzi wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, niliandika sentensi ambayo nikiikumbuka hadi leo naona haya. Katika pendekezo la utafiti wangu juu ya watu wa Babati kabla ya uhuru, nilidai kwamba kuhusu sehemu hiyo hakuna kilichoandikwa. Mwalimu wangu hakubishana nami. Alipiga mstari mwekundu chini ya neno "hakuna" na kando yake akauliza: umetafuta wapi?

Nilikuwa nimetafuta katika droo moja. Siku zile maktaba ya Mlimani ilikuwa na katalogi ya kadi: makabati yenye droo nyembamba, kadi zimepangwa kwa alfabeti, hizi kwa jina la mwandishi, hizi kwa jina la kitabu, hizi kwa mada. Mafunzo ya kuitumia tulipewa mwanzoni kabisa, nami niliyakimbia. Nani wa kufundishwa kufungua droo? Nikavuta herufi B, nikapekua, sikuona la maana, nikarudi bwenini kuandika ile sentensi.

Aliyeniokoa ni mkutubi mmoja, mama wa makamo asiye na haraka. Nilipomweleza shida yangu hakugusa kadi hata moja. Aliniuliza, "Hiyo Babati, imeitwa Babati tangu lini?"

Jibu nilikuwa nalo, ila sikujua kuwa ni jibu. Wilaya ya Babati ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Ilimegwa kutoka Hanang mwaka 1985, na Hanang nayo ilitoka Mbulu. Wakati wa Mwingereza, Mbulu ndiyo iliyokuwa wilaya, ndani ya Jimbo la Kaskazini, na Babati ni kituo tu kwenye barabara kuu itokayo Dodoma na Kondoa kwenda Arusha. Nyuma ya hapo kulikuwa na Ufiome, nchi ya Wagorowa, chini ya mlima tunaouita Kwaraa.

"Basi katafute huko," akasema.

Kisha akanifundisha, mmoja kwa mmoja, yale niliyoyakimbia. Kwamba kadi yenye maneno "tazama pia" haikuwekwa kwa pambo. Kwamba Wagorowa wameandikwa Wafiomi, na Wairaqw wakaandikwa Wambulu, na asiye mwangalifu atawachanganya hao na Wambugwe wa Magugu, ambao ni watu wengine kabisa na lugha yao ni ya Kibantu. Kwamba jarida la Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, halipekuliwi toleo kwa toleo kama anayetafuta sindano, bali kwa faharasa yake. Kwamba mabwana shauri waliandika Kitabu cha Wilaya, humo wakaweka habari za watemi, kodi, mila na mipaka, na cha kwetu ni cha Mbulu. Kubwa kuliko yote, alinionyesha kusoma tanbihi. Ukipata kitabu kimoja kizuri, alisema, mwandishi wake amekwisha kukutafutia vingine ishirini.

Tanbihi hizo ndizo zilizonifikisha kwa Oscar Baumann, msafiri aliyepita pande zetu mwaka 1892 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1894. Kijerumani sikijui. Lakini katikati ya maneno yale magumu nililiona jina Ufiomi, nikakaa nalo muda mrefu.

Likizo iliyofuata nilirudi kwa mzee mmoja wa Bonga. Mara ya kwanza nilikuwa nimemwomba historia ya Babati, naye akanieleza habari za maduka ya Wahindi na malori kwa muda usiofika robo saa. Nikaamua moyoni kwamba hajui mengi. Safari hii nikasema, "Babu, nieleze habari za Ufiome." Akaniangalia. "Nani amekupa jina hilo, mjukuu wangu?" Alizungumza mpaka taa ikaisha mafuta, na kesho yake tena. Kisha chuo kikafunguliwa, nikaondoka. Alifariki kabla sijarudi. Daftari langu lina ukurasa wa maswali ya kummalizia, kumi na moja, na chini ya kila moja nafasi niliyoacha ya majibu.

Mwaka huu mtoto wa dada yangu, naye mwanafunzi wa chuo, amekuja likizo hapa Babati na pendekezo lake. Yeye hana droo, ana simu. Aliandika "Babati" na yakamwagika maandishi tele, mengi yakiwa tasnifu za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Södertörn, Sweden, ambao kwa miaka wamekuja huku kujifunza utafiti, na kazi zao zimewekwa wazi kwenye hazina ya mtandaoni iitwayo DiVA. Kazi zenye faida, sikatai. Lakini chuo hicho kilianza mwaka 1996, na kijana akaandika kwamba habari za Babati zilianza kuandikwa miaka hiyo.

"Mjomba, kwingine hakuna kitu," akaniambia.

Nilimpa lile daftari, nikamwambia aanze na orodha ya majina. Mkoa wetu wenyewe umeitwa Manyara tangu mwaka 2002 tu; kabla ya hapo atafute Arusha. Juzi ameirudisha orodha, akilalamika kwamba Ufiomi nimelikosea, mwisho wake ni e. Nimemwambia aandike yote mawili.