Mtia Makaa wa Leningrad

Katika Umoja wa Kisovieti, mtu mzima asiye na kazi angeweza kushtakiwa kama mhalifu. Kifungu cha 209 cha sheria ya jinai ya Urusi kiliwahesabu watu wa aina hiyo kuwa kupe wa jamii, na mwanamuziki ambaye hakusajiliwa na taasisi ya dola hakuwa na la kumwambia polisi. Gitaa halikuwa kazi. Ndiyo maana wapiga roki wengi wa Leningrad walikuwa na kitabu cha ajira kilichoandikwa mlinzi wa usiku, mfagizi au mtia makaa.

Viktor Tsoi alikuwa mtia makaa. Tangu vuli ya 1986 hadi Januari 1988 alilisha matanuri katika chumba cha chini, jengo namba 15 la mtaa wa Blokhina, yaliyopasha joto nyumba za jirani. Wafanyakazi wake walikiita Kamchatka, jina la rasi ya mbali mashariki mwa nchi. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini zamu zilimwachia muda wa kutunga. Na wakati akishika sepetu, kanda za nyimbo zake zilikwishasambaa mbali.

Alizaliwa Leningrad tarehe 21 Juni 1962, mtoto wa pekee wa mama Mrusi aliyefundisha michezo shuleni na baba mhandisi mwenye asili ya Korea. Ukoo wa baba ulikuwa miongoni mwa Wakorea wapatao 170,000 ambao Stalin, mwaka 1937, aliwapakia kwenye magarimoshi kutoka Mashariki ya Mbali na kuwamwaga Kazakhstan na Uzbekistan. Kijana alijua kuchora, akaingizwa shule ya sanaa, akafukuzwa kwa alama mbovu. Akajifunza uchongaji wa mbao. Alimhusudu Bruce Lee kiasi cha kuiga miondoko yake, na hata jukwaani baadaye alisimama vivyo hivyo, kidevu mbele, nguo nyeusi, bila tabasamu.

Mwaka 1981 wakubwa wa Leningrad walifanya jambo la ujanja. Badala ya kuendelea kuwafukuza vijana wa roki kutoka ghala hadi ghala, waliwafungulia klabu, mtaa wa Rubinstein namba 13, chini ya jicho la KGB. Bendi ilipewa jukwaa halali, watazamaji wakapewa viti vya kukalia kwa adabu. Masharti yalikuwa kwamba maneno ya kila wimbo yapelekwe kwanza kukaguliwa na kugongwa muhuri. Usipopata muhuri, huimbi.

Tsoi na wenzake wawili walijiunga mwaka huohuo, na muda si mrefu bendi ikaitwa Kino, yaani sinema. Kilichowatoa gizani ni safari ya treni. Boris Grebenshchikov, kiongozi wa bendi ya Akvarium na kaka mkubwa wa roki ya mji ule, alikuwa akirudi kutoka onyesho nje ya mji alipomsikia kijana huyo akiimba ndani ya behewa. Akamshika mkono hadi kwa fundi mitambo Andrei Tropillo, ambaye kwenye karatasi za serikali alikuwa mwalimu wa klabu ya kurekodi sauti katika jumba la watoto wa Pionia. Mchana watoto walifundishwa. Muda mwingine wowote uliopatikana, Tropillo alirekodi muziki ambao kiwanda cha taifa cha santuri, Melodiya, kisingeugusa. Humo, mwaka 1982, ikatoka albamu ya kwanza ya Kino, ikaitwa 45 kwa kuwa ilikadiriwa kuchukua dakika 45. Wanamuziki wa Akvarium walisaidia kupiga. Kwa sikio langu, hiyo ndiyo iliyozeeka vizuri kuliko zote: magitaa makavu, sauti nzito isiyopamba kitu.

Haikuuzwa dukani. Mtu alikuwa na utepe, rafiki akaja na mashine yake, wakaunganisha waya, zikawa nakala mbili. Nakala ya kumi ilivuma kama upepo kuliko muziki, na bado ilinakiliwa. Maonyesho nayo yalifanyika sebuleni kwa watu: wasikilizaji arobaini sakafuni, gitaa moja, mchango wa rubo chache, na majirani wakiombwa wasipige simu polisi.

Swali ni kwa nini hasa yeye. Leningrad ilikuwa na wapiga gitaa waliomzidi, na washairi waliosoma zaidi. Jibu liko kwenye maneno. Wenzake wengi walitunga mafumbo mazito, yaliyojaa vitabu. Tsoi aliandika juu ya kijana mwenye muda lakini hana pesa, treni ya asubuhi inayompeleka mtu asikotaka, matango ya alumini yaliyozaliwa na kumbukumbu ya wanafunzi kupelekwa kuvuna matango baridi yenye matope. Chama hakitajwi. Kiongozi hatajwi. Juu juu, wimbo ni wa treni tu. Msikilizaji akiusikia, anajua vizuri ni treni gani.

Hata wimbo wake uliobeba mzigo mkubwa kuliko wote, Mabadiliko, ambao aliupeleka kwenye tamasha la klabu mwaka 1986, umejengwa kwa vitu vya jikoni: moto wa gesi, sigara, chai, kiberiti kilichoisha. Nchi ya Gorbachev iliusikia kama tangazo. Tsoi mwenyewe hakukubali uitwe wimbo wa siasa, na wengi walidhani anajificha. Mimi naona alisema kweli. Wimbo ule unawahusu watu wanaotaka kubadilika na wanaogopa, nao hawapatikani chini ya serikali moja tu.

Ikawa vilevile kwa Kundi la Damu, wimbo uliobeba albamu ya 1988. Albamu ilirekodiwa nyumbani kwa mpiga ngoma Georgy Guryanov, kwa mashine ndogo ya Yamaha iliyoletwa na Joanna Stingray, Mmarekani ambaye miaka miwili nyuma alikuwa ametorosha kanda za bendi nne za Leningrad na kuzitoa kwao Marekani kama albamu ya Red Wave. Wimbo wenyewe unazungumzia askari anayeandikwa kundi la damu kwenye mkono wa sare yake. Vita vya Afghanistan havimo, lakini askari waliorudi kutoka huko waliuchukua ukawa wao.

Sinema ndiyo iliyompeleka kwa wale ambao hawakuwa na rafiki mwenye utepe. Katika Assa ya Sergei Solovyov anaonekana mwishoni tu. Anaingia mgahawani kuomba kazi ya kupiga muziki, msimamizi mama mmoja anaanza kumsomea kanuni za ajira moja baada ya nyingine, naye anamwacha akisoma, anapanda jukwaani na kuanza Mabadiliko. Kisha kamera inafunguka: si mgahawa tena, ni umati wa maelfu katika bustani ya Gorky, Moscow. Baadaye akawa mhusika mkuu wa Sindano, filamu ya Rashid Nugmanov iliyopigwa Kazakhstan, na wasomaji wa jarida la Sovetsky Ekran wakamchagua mwigizaji bora wa 1989.

Wakati huo bendi ilisimamiwa na Yuri Aizenshpis, aliyekaa gerezani jumla ya miaka 17 kwa mambo kama ulanguzi wa fedha za kigeni. Alitoka akakuta kosa lake linageuka kuwa taaluma. Chini yake Kino ikaingia viwanja vya mpira. Tarehe 24 Juni 1990, uwanja wa Luzhniki, Moscow, ilipopigia makumi ya maelfu ya watu, mwenge wa Olimpiki ya 1980 uliwashwa tena.

Lilikuwa onyesho kubwa la mwisho. Tsoi alikwenda kupumzika kijijini Plieņciems, Latvia, ambako yeye na mpiga gitaa Yuri Kasparyan walirekodi rasimu za albamu mpya. Mchana wa tarehe 15 Agosti, akirudi kuvua samaki, gari lake aina ya Moskvich lilihama upande na kugongana na basi la Ikarus karibu na Tukums. Basi halikuwa na abiria. Uchunguzi ulisema alisinzia. Alikufa akiwa na miaka 28. Hadithi ya kanda iliyookotwa kwenye mabaki ya gari ingali inasimuliwa. Ukweli ni kwamba rasimu alikuwa nazo Kasparyan. Wenzake wakapiga vyombo juu ya sauti hiyo, wakaitoa ndani ya jalada jeusi.

Huko Arbat, Moscow, ukuta mmoja ulijaa maandishi kwamba Tsoi yu hai. Baadhi ya vijana walipiga mahema makaburini Bogoslovskoe na kukaa humo kwa miezi.

Wimbo wake nao uliendelea kuishi. Agosti 2020, siku chache kabla ya uchaguzi wa Belarus, mafundi mitambo wawili waliokuwa wakihudumia sherehe ya serikali mjini Minsk walizima ratiba na kupiga Mabadiliko mbele ya wapinzani waliokusanyika hapo. Walihukumiwa kifungo cha siku 10 kila mmoja. Wakazi wa mtaa mmoja wakawachora ukutani, katika ua wa nyumba zao, wakauita ua huo Uwanja wa Mabadiliko. Wafanyakazi wa manispaa wakaja na rangi wakaifuta picha. Usiku ikachorwa tena. Wakaifuta tena, safari hii wakiwa na polisi.