Keki ya Tufaa na Viungo

Keki ya tufaa na viungo ni keki ya nyumbani inayookwa kwa unga wa ngano, mayai, siagi, sukari na vipande vya tufaa, ikatiwa mdalasini na viungo vingine vya harufu kama hiliki, karafuu na kungumanga. Haina krimu wala mapambo. Hukatwa ingali na uvuguvugu, ikaliwa kwa chai. Makala hii inaieleza kwa mfano wa jiko la Bagara, mjini Babati, yaani jiko la mkaa, sufuria na mfuniko, kwa sababu nyumba zenye oveni ni chache na keki hii haiihitaji.

Mahali na mwinuko

Bagara ni miongoni mwa kata za Halmashauri ya Mji wa Babati. Mji wenyewe uko kilomita zipatazo 170 kutoka Arusha kwenye barabara kuu ya kwenda Dodoma, kati ya Ziwa Babati lenye viboko na Mlima Kwaraa, nao ndio makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Kwa mwokaji, jambo kubwa kuliko yote hayo ni mwinuko. Babati iko mita zaidi ya 1,300 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo mapovu yanayoiumua keki hutanuka upesi. Keki hupanda kwa haraka kabla unga haujashikana, kisha katikati hubonyea na kubaki bonde.

Wengi hudhani kosa ni la mayai au la mkono, kumbe ni la kipimo. Maelezo yaliyoandikwa Dar es Salaam au Ulaya hupima kwa hewa ya pwani. Penye vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda, Bagara kimoja na nusu kinatosha. Sukari ipungue kwa kijiko kimoja cha chakula, na maziwa au mtindi uongezwe kwa kadiri hiyohiyo, maana maji hukauka mapema. Keki ya tufaa ina bahati hapa. Tunda lenyewe ni maji kwa zaidi ya asilimia 80, na maji hayo huachiwa polepole ndani ya keki inapoiva, hivyo haikauki kwa urahisi kama keki kavu ya kawaida.

Tunda na jina lake

Neno tufaa, ambalo wengine hulitamka tofaa au tufaha, limetoka katika Kiarabu, nalo limewahi kuwachanganya Waswahili wenyewe. Mtu wa Unguja au Tanga akisikia matufaa huenda akaliona akilini tunda jingine kabisa: lile jekundu au jeupe, lenye nyama nyepesi ya majimaji na harufu ya waridi. Mti wake ni ndugu wa mzambarau na mkarafuu. Wataalamu wa mimea huiweka yote mitatu katika jenasi moja, Syzygium. Tufaa hilo la pwani ni tamu kwa kuliwa mbichi, lakini kwenye keki hugeuka maji. Tufaa la makala hii ni lile ambalo sokoni na kwenye mikokoteni huitwa epo, la ukoo wa waridi pamoja na peasi, na asili yake ni milima ya Tian Shan huko Kazakhstan.

Mti huo hutaka baridi ya kutosha ili ulale, uamke na kuchanua kwa pamoja. Ndiyo maana nchini Tanzania hustawi katika sehemu za juu tu: Lushoto katika milima ya Usambara, na nyanda za juu kusini kama Njombe na Makete. Hata hivyo sehemu kubwa ya maepo yanayouzwa mijini hutoka Afrika Kusini, kwenye mabonde ya Rasi ya Magharibi kama Ceres na Elgin. Huchumwa zaidi kati ya Februari na Mei, kisha hutunzwa katika maghala ya baridi na kuuzwa mwaka mzima. Kwa hiyo epo la Babati mara nyingi ndilo kitu cha ghali na kilichosafiri mbali kuliko vyote katika keki, na ni vyema litumike bila kupotea hata kipande.

Kwa kuoka, epo la kijani lenye ukali, Granny Smith, ndilo bora. Jina lake linatokana na Maria Ann Smith, mkulima wa Australia aliyelikuza mnamo 1868. Ukali wake huukata utamu wa sukari, na nyama yake haivurugiki katika moto. Epo jekundu lililokaa dukani mpaka likawa la ungaunga nalo halitupwi: likwaruzwe badala ya kukatwa, nalo litalainisha keki nzima. Likikosekana kabisa, peasi gumu la Usambara hufanya kazi ileile.

Unga, mayai na mtindi

Upande wa magharibi wa Babati, kwenye barabara ya Singida, iko Wilaya ya Hanang, na huko ngano ina historia nzito. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, serikali ya Tanzania kwa msaada wa Kanada ililima mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu chini ya shirika la umma la NAFCO, na yalipokamilika yalikuwa takribani ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig. Walihamishwa na njia za mifugo zikafungwa, na madai yao yalifika mahakamani katika miaka ya 1980. Leo ngano nyingi inayosagwa nchini hutoka nje, lakini Manyara bado hulima ngano, na anayeoka Bagara anafaa kujua kwamba unga mweupe wa kwenye mfuko una jirani wa karibu namna hiyo, pamoja na gharama iliyolipwa na watu wa karibu namna hiyo.

Kwa chombo cha duara chenye upana wa sentimita 22 hutosha unga gramu 250, siagi gramu 125, sukari gramu 140, mayai matatu, nusu kikombe cha mtindi, chumvi kidogo, na maepo mawili makubwa au matatu madogo. Mtindi haukosekani Babati, mji uliozungukwa na wafugaji, nao unashinda maziwa mabichi kwa sababu uchachu wake huilainisha keki.

Onyo moja lisipuuzwe. Magadi ya mawe, yanayotumika kulainisha makande na maharage, si kitu kimoja na unga mweupe unaouzwa dukani kwa jina la magadi soda. Ya mawe ni makali zaidi: hutia keki rangi ya kahawia isiyopendeza na ladha ya sabuni. Katika keki hii bekingi pauda peke yake yatosha.

Viungo

Mdalasini ndio kiongozi. Gome jembamba linalovunjika kwa vidole na kujikunja tabaka juu ya tabaka, kama la Zanzibar na la Usambara Mashariki, lina harufu tamu na ya upole. Gome nene na gumu kama kipande cha ubao ni la mti mwingine wa jamii hiyo, uitwao kasia; ukali wake ni mkubwa, hivyo kipimo kipunguzwe. Kijiko kimoja na nusu cha chai cha mdalasini mwembamba uliosagwa kinatosha. Nusu kijiko cha hiliki huipa keki harufu ambayo Mswahili yeyote huitambua tangu mlangoni.

Karafuu itiwe kwa woga: punje nne tu zilizotwangwa. Mafuta yake hutia ganzi ulimini, na ikizidi, tufaa halitasikika tena. Mkarafuu uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 ukaenea katika utawala wa Sayyid Said. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ilichukua nafasi ya kwanza na haijaiachia. Kungumanga ikwaruzwe juu juu, kiasi cha ncha ya kisu. Viungo vya kusagwa vilivyokaa kwenye pakiti mwaka mzima havina kazi. Ni heri kununua vizima vichache na kuvitwanga siku hiyohiyo.

Kuchanganya

Siagi na sukari hupigwa kwa mwiko mpaka zigeuke nyeupe na nyepesi, dakika nane au kumi bila kupumzika. Hapa ndipo hewa ya kwanza inapoingia, na mkono mvivu hulipwa kwa keki nzito. Mayai hufuata moja moja. Unga uliochekechwa pamoja na bekingi pauda, chumvi na viungo hutiwa kwa zamu na mtindi, na kuanzia hapo kukoroga kupungue: unga wa ngano ukisukwa sana hukaza, keki ikawa kama mkate.

Maepo humenywa, hukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya njugu mawe, na hunyunyiziwa ndimu mara moja ili yasigeuke kahawia. Kabla ya kuingizwa hukaushwa kwa kitambaa safi. Vipande vichache vyembamba hupangwa juu, vikinyunyizwa sukari na mdalasini.

Moto

Jiko la mkaa hutoa joto upande mmoja tu, ilhali keki hutaka joto liizunguke. Pwani walilipatia jambo hili jawabu zamani. Mkate wa kumimina na mkate wa mayai huiva kwa kupaliwa makaa juu ya mfuniko, na anayeoka keki Bagara anatumia elimu hiyohiyo iliyopanda bara.

Huchukuliwa sufuria kubwa nene, ikamwagwa ndani yake mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili. Mchanga huhifadhi joto na kuligawa sawasawa. Juu yake huwekwa vijiwe vitatu bapa vya kukalisha chombo cha keki, ili kisiguse mchanga. Sufuria hufunikwa kwa sinia la bati na kupashwa robo saa kabla keki haijaingia. Kuna jaribio la kupima joto lisilodanganya: nyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati, kiweke ndani na ufunike. Baada ya dakika tatu unga ukiwa wa rangi ya asali, joto linafaa. Ukiwa mweusi, punguza makaa. Ukiwa bado mweupe, subiri.

Keki ikishaingia, makaa hugawanywa mafungu matatu: mawili juu ya sinia, moja chini. Wanaoanza hufanya kinyume, na hapo ndipo keki nyingi za mkaa huharibikia, kwa sababu maji matamu ya tufaa hushuka chini na kuungua haraka. Kufunua kabla ya dakika 35 ni hasara mara mbili: joto hutoka, na majivu huingia. Makaa ya juu yatolewe kwanza kwa koleo, sinia lipanguswe, ndipo lifunuliwe.

Mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Mwezi Juni na Julai, Babati inapopoa usiku, kishawishi cha kuliingiza jiko ndani na kufunga mlango ni kikubwa. Keki iokwe nje, au katika jiko la uani lenye uwazi wa kutosha, na jiko lisiachwe chumbani hata makaa yakionekana yamefifia.

Gesi inazidi kuenea, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kwa keki, gesi ina utulivu ambao mkaa hauna, lakini haina moto wa juu. Sufuria ya mchanga kwenye gesi huivisha keki vizuri, ila uso hubaki umefifia. Wenye plate mbili hupasha mfuniko mzito wa chuma upande wa pili na kuubadilisha mara mbili tatu katika dakika za mwisho, na rangi hupatikana.

Kuiva na kuhifadhi

Kwa moto wa wastani keki huchukua dakika 45 hadi 60. Dalili ya kwanza ni harufu ya mdalasini kujaa uani. Ya pili ni kingo kuachana na chombo. Kijiti kikavu kichomwe katikati, lakini mahali penye unga, kwa kuwa kikipita kwenye kipande cha tufaa kitatoka na unyevu hata kama keki imeiva. Iachwe ndani ya chombo dakika 15 kabla ya kupinduliwa, la sivyo itapasuka kwenye tunda.

Kwa hewa ya Babati hukaa siku mbili, ikiwa imefunikwa kwa kitambaa. Isifungwe katika mfuko wa plastiki, maana unyevu wa tufaa hukosa pa kutokea na ukungu huanza. Siku ya pili viungo vimekwisha kupenya unga, na kwa maoni ya mwandishi huyu kipande cha asubuhi hiyo, kwa chai ya maziwa, ndicho kitamu kuliko vyote.