Pepper water, ball curry na watu 296

Desemba 2019 waziri wa sheria wa India, Ravi Shankar Prasad, alisimama bungeni New Delhi akawaambia wabunge kwamba kwa mujibu wa sensa ya 2011 nchi nzima ilikuwa na Waanglo-India 296. Umesoma sawasawa: mia mbili tisini na sita, katika nchi ya watu zaidi ya bilioni moja. Hao unawapakia kwenye mabehewa matano ya treni na nafasi inabaki. Wenyewe walikuja juu, wakasema wao ni maelfu kwa maelfu. Haikusaidia. Januari 2020 viti viwili walivyokuwa wakitengewa kwenye Lok Sabha, yaani bunge la chini, kwa Katiba ya 1950, vikafa.

Mimi habari hii nilianza kuifuatilia kwa sababu ya tumbo. Nilikuwa nasoma juu ya mchuzi mmoja wa nyama unaoitwa railway mutton curry, nikataka kujua reli imeingiaje kwenye mchuzi. Nikajikuta nimetumbukia kwenye historia ya watu ambao wengi wetu huku hatujawahi kuwasikia, ingawa viungo wanavyopikia ni vilevile tunavyonunua Kariakoo na Darajani.

Waanglo-India ni uzao wa Wazungu, hasa Waingereza, waliofika India tangu zama za ile Kampuni ya India Mashariki, na wanawake wa Kihindi. Zamani jina hilo lilikuwa la Waingereza wenyewe waliokaa India. Machotara waliitwa Eurasian, mpaka sensa ya 1911 ilipowahamishia jina. Mwanzo wao una karatasi yake. Mwaka 1687 wakurugenzi wa Kampuni waliandika barua kutoka London kwenda Madras, wakitaka askari wao wahimizwe kuoa wenyeji, na kila mtoto wa ndoa hizo akibatizwa, mama yake apewe pagoda moja, sarafu ya dhahabu ya wakati huo.

Naomba uikumbuke hiyo pagoda, maana ni moja ya mara chache mama anatajwa kwenye karatasi za jamii hii. Kwenye vitabu vya ubatizo, mara nyingi baba ana jina, cheo na kikosi chake. Mama ana jina moja la Kikristo alilopewa, au hana kitu. Na Katiba ya India, ibara ya 366, nayo ikaja kusema Mwanglo-India ni mtu ambaye baba yake, au yeyote katika mababu wa upande wa kiume, ana asili ya Ulaya. Kwa hiyo binti wa Kianglo-India akiolewa na Mtamil, watoto wake sheria haiwahesabu. Mama anaweza kuwa yeyote, sheria haina habari naye.

Sasa twende jikoni, maana huko ndiko huyo mama alikobaki.

Chukua pepper water. Ni maji ya ukwaju na nyanya yaliyochemshwa na pilipili manga, bizari nyembamba, vitunguu saumu na pilipili kavu, kisha yakaungwa kwa mbegu za haradali na majani ya mchuzi yaliyokaangwa kwenye mafuta. Mtamil yeyote ataitambua, ni rasam. Hata jina ni tafsiri tu: kwa Kitamil milagu ni pilipili manga na tannir ni maji. Waingereza walipolishika neno hilo kwa ulimi wao likawa mulligatawny, wakalitia nyama, wakaligeuza supu ya kunywewa kwa kijiko kabla ya chakula. Waanglo-India hawakufika huko. Wao wanaimwagia kwenye wali, pembeni nyama kavu ya kukaanga, na maisha yanaendelea.

Au ball curry, chakula chao cha Jumapili: madonge ya nyama ya kusaga ndani ya mchuzi wa nazi, yanaliwa na wali wa nazi uliotiwa manjano, na chatini kali ya vitunguu vibichi, pilipili nyekundu, sukari na siki. Chatini hiyo wanaiita chatini ya shetani. Mtu wa Tanga au Lamu akiwekewa sahani hiyo, sidhani kama atauliza ameletewa nini, labda jina la chatini tu ndilo litamtisha.

Vindaloo nayo ilitoka kwa Wareno wa Goa. Jina limetokana na vinha d'alhos, nyama iliyolowekwa kwenye mvinyo na vitunguu saumu; India mvinyo ukawa siki na pilipili zikaongezeka. (Neno letu mvinyo tumelipata kwa Wareno haohao. Wameacha alama kwenye vinywa vya bahari nzima hawa.) Kuna wapishi wanaotia viazi kwenye vindaloo kwa kudhani ile "aloo" ya mwisho ni viazi vya Kihindi. Mwanglo-India akiiona hiyo anakunja uso.

Halafu kuna jalfrezi, ambayo kwangu ndiyo inayoeleza nyumba hizi kuliko zote. Baba anataka nyama ya kuoka, pande zima, kama kwao Uingereza. Imeliwa, imebaki. Kesho yake mabaki yanakatwakatwa, yanakaangwa kwa vitunguu, manjano na pilipili mpaka yanakauka. Chakula cha jana kilikuwa cha baba, cha leo ni cha mama, na nyama ni ileile.

Reli sasa. Mwishoni mwa karne ya 18 Kampuni iliwageuka watoto wake yenyewe. Mwaka 1786 yatima wa kichotara wa Calcutta walizuiwa kwenda kusoma Uingereza. 1791 machotara wakafungiwa kazi za utawala na uofisa katika jeshi la Kampuni. 1795 wakaachiwa kupiga ngoma na filimbi na kupigilia farasi kwato. Wasichana waliokuwa wanalipiwa pagoda mama zao wakaishia kuwa nyumba ya watu wa katikati, wasiotakiwa huku wala kule. Kilichowaokoa ni mvuke. Treni ya kwanza ya abiria iliondoka Bombay kwenda Thane tarehe 16 Aprili 1853, na reli ilipotambaa nchi nzima ilihitaji watu wanaojua Kiingereza, wanaoaminiwa na serikali, na wasiolipwa mshahara wa Mzungu kamili. Wakawa madereva, magadi, wakaguzi wa tiketi, watu wa simu za upepo. Miji ya reli kama Kharagpur, Jhansi na Jamalpur ikawa na makazi yao, klabu zao, na jikoni zao.

Mchuzi wa reli ulizaliwa katika dunia hiyo. Husimuliwa kwamba mpishi wa treni aliupunguza ukali kwa tui au mtindi ili Mzungu wa daraja la kwanza asilie machozi, na wengine husema siki au ukwaju vilitiwa ili usiharibike safarini. Una ndugu yake, dak bungalow curry, wa kuku au nyama na viazi na mayai ya kuchemsha, uliopikwa kwenye nyumba za kupumzikia maofisa barabarani. Huko mgeni akitokea usiku bila taarifa, mpishi aliangalia kuna nini uani.

Nimesema mpishi, na hapa vitabu vingi vya mapishi vinapita haraka mno. Familia ya dereva wa treni iliweza kuwa na mtumishi jikoni, na huyo alikuwa Mhindi aliyepika kwa kumbukumbu. Mwaka 1878 Kanali Kenney-Herbert, kwa jina la Wyvern, alitoa kitabu chake Culinary Jottings for Madras kwa ajili ya mabibi wa Kiingereza. Mpishi humo anaitwa Ramasamy, jina moja la kuwatosha wapishi wote wa Madras. Kwa hiyo ukiniambia pishi fulani ni la bibi yako, nitakuuliza kwa heshima, bibi alilipata kwa nani?

Baada ya uhuru wa 1947 wengi waliondoka. Walikwenda Uingereza, Kanada, Australia. Australia ya wakati ule ilikuwa bado inataka weupe, na machotara walitakiwa kuonyesha kwamba damu yao kwa sehemu kubwa ni ya Ulaya. Hebu fikiria fomu hiyo. Babu aliyetoka Uskochi anatajwa kwa jina na kijiji. Bibi wa Kitamil anafunikwa, anakuwa siri ya familia. Na huyohuyo anayejaza fomu, ndani ya sanduku amebeba daftari la mapishi lenye ukwaju, nazi na pilipili. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kuhifadhi mapishi haya ni kazi ya wazee wenye kumbukumbu tamu za ukoloni. Kwa familia nyingi daftari lile ndilo ushahidi uliobaki wa upande wa mama.

Waliobaki India wamefanya kazi hiyo pia. Anayejulikana zaidi ni Bridget White-Kumar, mzaliwa wa Kolar Gold Fields, mji wa machimbo ya dhahabu huko Karnataka ambao ulikuwa na Waingereza na Waanglo-India wengi mpaka ukapewa jina la Uingereza Ndogo. Machimbo yalifungwa 2001. Yeye akiwa Bangalore ameandika vitabu kadhaa vya mapishi ya Kianglo-India, na bila watu kama yeye mjukuu aliyezaliwa Perth asingejua aanzie wapi.

Kuandika kwenyewe si kazi rahisi. Vipimo vya zamani vilikuwa ser na chatak. Ser ni kama gramu 930, chatak ni sehemu yake ya 16, na India ilianza kuviacha kwa sheria ya 1956 ilipohamia kwenye kilo. Sisi tunalijua tatizo hilo. Mwambie kijana wa leo apime mchele pishi moja, au unga kibaba, uone atakavyokutazama. Kugeuza ser kuwa gramu ni hesabu tu. Kugumu ni yale "tia mpaka itoshe" na "kaanga mpaka mafuta yapande juu", ambayo ukiyageuza kuwa dakika saba unakuwa umeandika pishi jingine.

Zaidi ya hapo, kitabu kinapenda pishi moja sahihi. Familia za Madras zinatia nazi kwenye ball curry, za Calcutta hupika kwa mkono wa Kibengali, na kila moja ina hakika ya nyingine imekosea. Hoteli kubwa nazo zimegundua railway mutton curry, zinaiuza kwa hadithi ya treni na sahani ya shaba. Sina ugomvi na mtu kutafuta riziki, ila kwenye hadithi hizo sijaona dereva wala mke wake, namwona Mzungu wa daraja la kwanza tu. Ningekuwa na sauti, kila pishi lingeandikwa pamoja na mji, kazi ya mume, jina la aliyepika na jina la aliyemfundisha, hata kama jina hilo ni Ramasamy na halikuwa lake.

Kuna pishi moja ambalo naona bado linajilinda lenyewe. Linaitwa kalkal, na ni la Krismasi. Unga unakandwa kwa mayai na tui la nazi, unakatwa vipande vidogo kama gololi, kila kipande kinakandamizwa mgongoni mwa uma au juu ya kitana kipya na kuviringishwa mpaka kijikunje kama kombe, kisha vinakaangwa na kuvikwa sukari ya kuchemsha. Wewe mla visheti umeshaelewa. Mtu mmoja hawezi kuviringisha kilo mbili za unga akamaliza, kwa hiyo Desemba nyumba nzima inakalishwa mezani, wajomba, watoto, jirani aliyekuja kusalimia, na walio mbele wanasimulia habari za waliokwisha ondoka. Zikipoa zinawekwa kwenye makopo ya biskuti ili zifike Mwaka Mpya, ingawa kwenye nyumba zenye watoto huwa hazifiki.