Gemu za kabati zilivyofika Busia bila kabati

Wadau, leo tuweke programu kando kidogo tuzungumze historia ya vyuma. Historia ya gemu za video huanza na makabati makubwa ya Japani na Marekani: skrini juu, mpini na vibonyezo katikati, tundu la sarafu chini. Huku Bukhayo, kuanzia Nambale na Matayos hadi mpakani Busia, hatukukulia kwenye makabati hayo. Ila gemu zake tumezicheza sana. Zilitufikiaje?

Tuanze mwaka wa 1978. Kampuni ya Taito ilitoa Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado. Prosesa yake ilikuwa Intel 8080 ya megahezi 2. Ilisogeza adui mmoja tu kwa kila fremu, na maadui walikuwa 55. Ukiwapunguza, zamu ya kila mmoja inafika upesi, kwa hiyo waliobaki wanakimbia zaidi. Udhaifu wa chuma ukawa utamu wa gemu, na Nishikado akauacha ulivyo.

Hatua ya pili ni kuingiza kabati nyumbani. Baada ya Donkey Kong kuvuma mwaka wa 1981, Masayuki Uemura wa Nintendo aliunda Famicom, iliyouzwa Japani kuanzia Julai 15, 1983. Prosesa yake ni ya ukoo wa 6502, karibu megahezi 1.8, na kumbukumbu ya kazi ni KB 2 tu! Picha moja ya simu yako ya leo inaizidi zaidi ya mara elfu. Chipu ya picha ilibeba vitu 64 vinavyotembea, lakini visivyozidi 8 kwenye mstari mmoja. Vikizidi, waandishi wa gemu walivionyesha kwa zamu. Wale mnaokumbuka Contra ikimetameta risasi zikiwa nyingi, televisheni haikuwa mbovu. Ni zamu hiyo.

Hatua ya tatu ndiyo yetu. Viwanda vya Taiwan na China viliinakili Famicom, kisha vikabana karibu kila kitu ndani ya chipu moja iliyofunikwa kwa tone jeusi la gundi. Ukifungua TV gemu ya namna hiyo, sehemu kubwa ya kisanduku ni hewa. Ilichomekwa hata kwenye tundu la antena, basi televisheni yoyote ilifaa, zikiwemo Greatwall za nyeusi na nyeupe zilizotumia betri ya gari. Kabati lingehitaji stima ya uhakika na fundi wake. Kisanduku hiki kilihitaji meza tu. Na tundu la sarafu? Likawa mtu: mwenye televisheni, anayepokea shilingi na kuhesabu dakika.

Kaseti nazo ziliandikwa "9999999 in 1". Ukiteremka kwenye orodha, gemu zilezile zinarudi: Galaxian, Road Fighter, Circus Charlie, safari hii ukianzia hatua ya mbele au ukiwa na maisha zaidi. Nyuma ya ujanja huo kuna mtu aliyeandika menyu na kubadilisha baiti chache ili gemu moja ionekane kumi. Namco na Konami hawakulipwa, na huo ni wizi. Lakini kwa wengi wetu, mlango ulikuwa huo mmoja.

Tangu 1997 mradi wa MAME unahifadhi kazi za makabati kwa kunakili yaliyomo kwenye chipu zake. Kaseti zetu zinaishia kwenye takataka. Chipu iliyo chini ya gundi haibadilishwi kirahisi: ikifa bila kunakiliwa, toleo lake linaweza kupotea kabisa, na sehemu yetu ya historia inakwenda nayo.

Kwa hiyo kabla hujatupa kisanduku cha zamani, toa kaseti. Piga picha ya lebo na ya bodi, iweke pakavu, umtafute mwenye kifaa cha kuisoma. Una ipi nyumbani? Tuambie.